Ukiandika pepa ya FRET, usituonyeshe rangi tu

Nimehakiki pepa kibao za FRET (mbinu ya kuona kama protini mbili ziko karibu sana, kwa nishati kuruka kutoka molekuli moja inayong'aa, dona, hadi nyingine, aksepta), na kusema kweli kitu cha kwanza nachotafuta sio ile picha kali ya nyekundu na bluu, natafuta kontroli. Ziko wapi seli zenye dona peke yake, na zenye aksepta peke yake? Maana CFP (protini inayong'aa samawati, hapa ndiyo dona) inavuja kwenye chaneli ya YFP (inayong'aa njano, ndiyo aksepta), halafu leza unayochokozea CFP nayo inaigusa YFP moja kwa moja, kwa hiyo hata protini zisizojuana kabisa zitakupa signali safi tu. Sasa andika hizo namba: CFP inavuja asilimia ngapi, YFP inachokozwa kiasi gani, ulipima kwenye seli ngapi, na ilikuwa siku ileile kwa leza na filta zilezile au ulikopa namba za mwenzako. "Data ilisahihishwa" haitoshi jamani. Weka pia CFP na YFP zilizounganishwa kwa kamba fupi ya amino asidi, tujue mashine yako inaiona FRET pale ambapo lazima iwepo.

Halafu watu wanachanganya reshio na ufanisi (sehemu ya nishati ya dona inayohamia kwa aksepta). Ukigawa YFP kwa CFP hiyo ni reshio, na ukipandisha geini (ukuzaji wa signali) ya chaneli moja inabadilika, sasa maabara nyingine italinganisha na nini? Kama ni reshio sema ni reshio, weka mizani ya rangi yenye namba, na mizani iwe moja kabla na baada ya dawa (hii naiona mno, sijui wahariri huwa wanaangalia nini).

FLIM (kupima dona inakaa muda gani imechokozwa kabla ya kutoa mwanga) ina nafuu kidogo kwa sababu haitegemei sana wingi wa protini. Dona peke yake ikikaa nanosekunde 4.0 na ikiwa na aksepta 3.0, ufanisi ni 25%, basi. Ila tuambie ulikusanya fotoni ngapi kwa kila pikseli na kama mkunjo wa kufifia kwa mwanga uliufiti kwa eksponenti moja au mbili, maana hapo ndipo mtu anaweza kujipatia jibu analolitaka.

Umbali sasa. Mimi huwa nashauri usikimbilie nanomita, ufanisi unafuata kipeo cha 6 cha umbali, kwenye R0 (umbali maalumu wa kila jozi ya dona na aksepta) ni 50%, ukifika mara mbili ya R0 umebaki na kama 1.5%, na hiyo R0 mara nyingi imekokotolewa kwa kudhani molekuli zinazunguka huru, ile 2/3 maarufu ya kipengele cha mwelekeo wa molekuli, wakati protini zinazong'aa ni nzito na hazizunguki kwa kasi hiyo. Na FRET ikikosekana usiandike kwamba protini hazishikani, labda umebandika rangi kwenye ncha isiyofaa tu.

Mwisho, n yako (idadi ya sampuli) ni seli au pikseli? Pikseli elfu za seli moja bado ni seli moja. Picha ghafi zipandishe kwenye hifadhi ya wazi kama Zenodo, chaneli zote, pamoja na zile za kontroli.