Kiti cha dereva si urithi

Jumapili iliyopita gari letu, ile Starlet EP82 ambayo kila mtu akiiona kwenye trela huiita mkebe, limemaliza la kwanza katika daraja la magari yasiyo na turbo. Tangu niweke picha simu haitulii. Wengi wanapongeza, Mungu awajaze kheri. Wengine wanataka siri. Na kijana mmoja wa Changamwe ameniandikia kirefu: wako ndugu watatu, baba yao ana gereji, wanataka timu ya mbio za magari ya familia kama yetu, na wamekwisha kukubaliana kuwa kaka mkubwa ndiye atakayeendesha, kwa sababu ni mkubwa.

Hapo nikaona leo lazima niandike, hata kama kuna watakaonuna nyumbani.

Sisi tulianza na Datsun 1200. Marehemu baba alikuwa makanika, gereji yake Majengo, na gari lile aliachiwa na mteja aliyeshindwa kulipa deni. Chini lilikuwa limeoza kote, maana hapa kwetu kutu haisubiri mvua; upepo wa bahari peke yake unatosha. Alilichomelea vipande kwa vipande, jioni baada ya kazi za wateja, na sisi watoto tukimshikia taa. Baba alikuwa wa kizazi kile kilichosimama kando ya barabara Safari Rally ilipokuwa ikishuka mpaka pwani, na mtu yeyote akilalamika kwamba hatuna gari jipya alikuwa na jibu moja: mwaka 1965 ndugu wawili, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Watu wanamkumbuka Joginder, aliyerudi kushinda tena 1974 na 1976. Baba alikuwa akimtaja Jaswant kwanza. Alisema yule wa kiti cha pili ndiye aliyejua njia.

Mtu angedhani mzee mwenye maneno hayo angeangalia nani anaweza nini. Haya, sikilizeni.

Kabla Datsun haijawa tayari alitupeleka kwenye go-kart za kukodi, njia ya Malindi. Mimi, kaka yangu, na binamu yetu mtoto wa ami, ambaye wakati huo alikuwa mdogo, miguu haifiki pedali vizuri. Tukaendesha kart ileile moja kwa zamu. Kwa wasiojua, go-kart haina difu, ile gia inayoruhusu magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, kwa hivyo magurudumu yote mawili yanataka kuzunguka sawasawa, na kwenye kona hilo haliwezekani. Ili kart ikate kona, gurudumu la nyuma la ndani lazima linyanyuke kidogo kutoka chini. Ukichelewa kufunga breki mpaka umo ndani ya kona, ukazungusha usukani kwa hasira, inasukuma mbele tu kama toroli la mizigo. Ukitulia, breki mapema, usukani mara moja, inageuka yenyewe. Kaka aliendesha kwa hasira. Mimi nilitulia.

Baba aliandika muda wetu kwenye karatasi ya mfuko wa simiti, kwa ile penseli yake ya seremala. Nilimwona akisoma. Nilimshinda kaka kila mzunguko. Akaikunja karatasi ile mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akasema: “Kaka yako ataendesha. Wewe mwanangu utakamata saa.”

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi msichana, yeye kifungua mimba, na shangazi zangu walikuwa wamekaa palepale. Ninaandika haya baba yuko kaburini na ninamwombea kila siku, lakini karatasi ile bado inaniuma.

Basi nikakamata saa. Na hapa kuna jambo la kweli la kujifunza, si kulia tu. Wengi wakipima muda wanapima mzunguko mzima, halafu dereva anaambiwa “ongeza”. Aongeze wapi? Mimi nilikuwa nikikata uwanja vipande vitatu: kutoka mstari wa kuanzia mpaka mwisho wa barabara iliyonyooka, kisha zile kona, kisha kurudi mstarini. Kwa namna hiyo nilijua kaka alikuwa hapotezi kitu kwenye mnyoofu, ambako yeye alidhani injini ni mbovu. Alikuwa akipotezea kwenye kona, kwa kuingia mbio kupita kiasi na kutoka amekufa. Nikimwambia, alikuwa akisema plagi zimechoka. Tukabadilisha plagi nyingi sana zisizo na kosa.

Injini nayo ilikuwa na visa vyake, hilo sikatai. Ukitoka Mombasa, hapa usawa wa bahari, ukapeleka gari la kabureta Nairobi, umelipandisha zaidi ya mita 1,600, na huko hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18. Petroli inayoingia ni ileile, hewa imepungua. Gari linakohoa, moshi mweusi, plagi zinatoka na masizi kama chini ya sufuria. Safari yetu ya kwanza jirani kwenye maegesho alitucheka, akasema gari la pwani limepata homa ya baridi. Baba akafungua kabureta palepale kwenye vumbi, akatia jeti ndogo, yaani kile kijitundu kinachopima petroli ya kuingia, aliyokuja nayo kwenye kopo la filimu. Muhimu zaidi ni kurudi: ukiteremka pwani na jeti ile ndogo, injini inakosa petroli ya kutosha, inachemka, na pistoni inaweza kutoboka. Ndiyo maana kwetu jeti kubwa hufungwa kwenye kamba ya funguo za gari, mtu asiweze kuliwasha bila kuiona. Starlet ina sindano za petroli na sensa inayojirekebisha, hayo yamepungua. Lakini nyinyi mnaoanza na gari la zamani, kumbukeni.

Miaka ikapita. Kuna mashindano tulimaliza vizuri, mengi hatukumaliza. Sina haja ya kuwachosha.

Kilichobadilisha mambo ni wifi yangu kushikwa na uchungu Ijumaa usiku, gari limekwisha kufungwa kwenye trela. Kaka akabaki hospitali, inavyopasa. Ami yangu, aliyekuwa akisimamia safari baada ya baba kuanza kuugua, akanitazama, akasema ada ya kuingia imekwisha kulipwa na hairudi. Nikaendesha mimi. Nikawa wa tatu katika daraja, kwa gari ambalo halijawahi kuona nafasi hiyo. Yule mtoto aliyezaliwa usiku ule mpaka leo namwita mfadhili wangu.

Tangu hapo ami aliweka sharti, na ndilo ninalowapa nyinyi. Kila mwanzo wa msimu, anayetaka kuendesha anaingia kwenye gari moja, matairi yaleyale, petroli kiasi kilekile, na mtu asiyekuwa wa familia anakamata saa. Si mimi, si mama wa mtu. Jumla ya muda ndiyo inayosema. Mara moja kaka alinishinda, tena kihalali. Kumbe zile kona alikuwa akizisikia siku zote. Nikakamata saa bila kununa. Vizuri, nilinuna siku mbili. Na msimu huu aliyetushinda sote wawili ni yule mtoto wa ami ambaye miguu yake haikufika pedali. Ndiye aliyeshinda Jumapili.

Watu wanasema mchezo huu ni wa kubebana, baba kwa mwana. Wanamtolea mfano McRae Kimathi, dereva wetu Mkenya wa rally, kwamba baba yake Phineas Kimathi alikuwa dereva, na jina lenyewe alimpa la Colin McRae aliyeshinda Safari mara tatu. Ni kweli, baba alimfungulia mlango. Lakini mwaka 2022 kijana alikwenda kuendesha kwenye theluji ya Uswidi, na theluji haijui wewe ni mtoto wa nani. Familia inaweza kukufikisha mstarini. Saa ya mstarini si ya familia.

Kwa hivyo, kijana wa Changamwe, kabla hamjanunua gari, nendeni mkapimane. Wote. Na kama mna dada, naye apimwe, kwa sababu katika barua yako ndefu umemtaja mama atakayewapikia na mjomba mwenye pikapu, lakini dada hukumtaja kama yupo.

La pesa nitalisema kwa ufupi kwa sababu linanipandisha presha. Kuna duka la vipuri, jina nalihifadhi, lilitutaka tupake gari rangi zao msimu mzima ili watugharimie matairi. Kaka akapaka gari kwa mikono yake, akalala gereji. Matairi hatujayaona mpaka leo, na picha ya gari letu ilining'inia ukutani kwao. Pesa kwanza, rangi baadaye, na kila kitu kwa maandishi, hata kama mwenye duka mnaswali naye msikiti mmoja. Hasa kama mnaswali naye msikiti mmoja.

Na mikanda. Mtaona mikanda ya mbio inauzwa bei rahisi mno, mizuri, haina hata doa. Angalieni nembo ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, iliyoshonwa juu yake: ina mwaka wa mwisho wa kutumika. Utepe wa mkanda unachoka kwa jua na jasho hata ukionekana mpya, na ukaguzi wa mashindano wanaweza kuukataa mbele ya macho yenu baada ya kusafiri usiku kucha. Afadhali gari libaki na bodi ya zamani na mikanda iwe mipya.

Mwezi ujao tunapima tena, na safari hii ni watoto. Wa kaka, yule mfadhili wangu, anataka kuingia, na binti yangu naye anataka. Kaka amekwisha kuniambia kwamba mwanawe ameanza mapema zaidi kwenye madaraja ya watoto, kwa hivyo hakuna haja ya kupimana. Nimemwambia kama ameanza mapema basi hana cha kuogopa. Tangu jana ananijibu ndiyo na hapana tu, lakini asubuhi nimemkuta gereji akipima upepo wa matairi ya kart zote mbili.