Homa baada ya upasuaji wa ubongo: mbona madaktari wamepishana?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume alifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe sehemu ya nyuma ya ubongo, upande wa kisogo. Siku tano za kwanza aliendelea vizuri, anakula na kuongea. Siku ya sita, walipoanza kumpunguzia deksamethasoni, ile dawa ya kutuliza uvimbe, homa ikapanda hadi 38.9, kichwa kikamuuma sana na shingo ikakaza. Asubuhi wakamtoa maji ya uti wa mgongo, jioni wakamwanzishia antibiotiki mbili za dripu. Karatasi ya maabara inasema chembe nyeupe 340, nyekundu 24,000, sukari 3.4, lakteti 2.3, na maji yalipooteshwa hakuna bakteria walioota. Baada ya siku tatu bingwa mwingine anasema dawa zisimamishwe. Mama analia, anasema wamemkatia tamaa. Tumwamini nani? Na je, watoto wangu wakienda kumwona wanaweza kuambukizwa?
Dada wa mgonjwa

JIBU: Marahaba, dada, na poleni sana. Mwambie mama kwamba kusimamisha dawa hapa si kumkatia mgonjwa tamaa. Sijamwona mdogo wako, lakini kwa namba ulizoandika, daktari wa jioni ile na bingwa wa siku ya tatu wote wanaweza kuwa sahihi. Nimefanya kazi miaka mingi katika wodi ya upasuaji wa ubongo, na jambo hili ndilo linalotugombanisha na familia kuliko mengine yote. Mara nyingi kosa letu ni kwamba tunabadilisha dawa bila kueleza.

Mtu akitoka nyumbani na homa, shingo ngumu na kuchanganyikiwa, hatuhangaiki sana kujua pa kuanzia: tunashuku homa ya uti wa mgongo, yaani maambukizi ya utando wa ubongo. Kwa aliyepasuliwa kisogo, dalili hizo hizo zina maelezo mengine kibao. Misuli ya shingo yake imekatwa, kichwa lazima kiume, na usingizi mwingi unaweza kuletwa na dawa au kuvimba kwa ubongo. Homa nayo inaweza kuwa imetoka mapafuni, kwenye mrija wa mkojo, pale dripu ilipochomwa, au kwenye damu iliyoganda mguuni. Ndiyo maana tunayataka maji yenyewe. Na kabla ya sindano tunaangalia picha ya CT ya kichwa, kwa sababu ubongo ukiwa umesukumwa na shinikizo, kutoa maji kule chini kunaweza kuufanya ushuke na kujibana.

Sasa tuje kwenye karatasi yako. Kwa mtu mzima mwenye afya, chembe nyeupe katika maji haya hazizidi 5 kwa kila maikrolita. Mdogo wako ana 340. Lakini maji yake yana damu, na damu huja na chembe nyeupe zake, kwa hiyo tunapunguza moja kwa kila nyekundu 500 hadi 1,000. Hata ukipunguza 48, bado zinabaki karibu 300. Utando wa ubongo wake umechokozwa kweli, hilo halina ubishi. Swali ni nani aliyeuchokoza.

Wanaweza kuwa bakteria. Inaweza pia kuwa damu na mabaki ya tishu yaliyobaki baada ya upasuaji, bila mdudu wowote. Hali hii ya pili huonekana zaidi kwa waliopasuliwa sehemu hiyo hiyo ya nyuma, na hupenda kujitokeza pale deksamethasoni inapopunguzwa, kwa sababu dawa hiyo ilikuwa inaituliza. Uliponiandikia kwamba homa ilikuja dozi ilipoanza kushuka, nilisimama hapo hapo. Lakteti, yaani asidi inayopanda bakteria wanapokuwa kwenye maji haya, ni 2.3, nayo inaelekea huko pia. Ikifika 4 na kuendelea, ndipo hofu ya bakteria inapokuwa kubwa. Hata hivyo hakuna kipimo cha siku ya kwanza kinachotenganisha hali hizi mbili kwa uhakika. Bakteria wakiachwa kwa siku mbili wanaweza kuua, kwa hiyo tunachukua maji kwanza, tunaanza dawa bila kuchelewa, kisha tunasubiri maabara.

Mpangilio huo ulifuatwa kwenu: maji asubuhi, dawa jioni. Ingekuwa kinyume, nisingeyaamini sana majibu ya kuotesha, maana dawa huwahi kuwaua bakteria kabla ya maabara kuwaona. Maji yakichukuliwa kabla ya dawa, yakakaa saa 48 hadi 72 bila kuota kitu, na mgonjwa akawa anapata nafuu, mimi pia ningesimamisha. Vankomisini, antibiotiki inayotumika sana kwa wagonjwa kama huyu, inaweza kuumiza figo, na kila siku ya antibiotiki isiyo na kazi huwafungulia mlango bakteria sugu wa hospitalini.

Kuna mambo ambayo ningetaka muulize kesho wakati wa raundi. Sukari ya damu ilikuwa ngapi wakati ule maji yalipotolewa? Deksamethasoni hupandisha sukari ya damu, na 3.4 haina maana peke yake. Kama ya damu ilikuwa 5.5, hiyo 3.4 ni zaidi ya nusu yake, ni habari njema. Kama ya damu ilikuwa 9, hiyo 3.4 ni chini ya asilimia 40 yake, na hapo ningesita kusimamisha. Ulizeni pia kama maabara inaendelea kuyatunza maji hayo. Kuna bakteria wa ngozi, Cutibacterium acnes, anayeota polepole mno, na sampuli za wagonjwa kama huyu zinapaswa kutunzwa angalau siku 10. Jibu la siku ya tatu bado si la mwisho.

Dawa zikishasimamishwa, ninyi mnaokaa naye ndio mtakaogundua mapema mabadiliko. Homa ikirudi, akianza kusinzia kupita kawaida, akitapika au akipata degedege, mwiteni nesi papo hapo, msisubiri raundi. Na tafadhali angalieni mto wake na pua yake. Majimaji meupe kama maji yanayodondoka puani hasa akiinama, au yanayolowesha bandeji, au uvimbe laini unaojaa chini ya mshono, huenda ni maji ya ubongo yanayovuja. Penye uvujaji bakteria hupata njia ya kuingia, na kwa mgonjwa wa namna hiyo nisingekubali haraka kwamba hakuna maambukizi.

Kuhusu watoto, ondoa wasiwasi. Hata ikithibitika ni bakteria, hii si ile homa ya uti wa mgongo ya mlipuko inayosambaa kwa mate na kukohoa. Bakteria wanaofuata upasuaji kwa kawaida hutoka kwenye ngozi ya mgonjwa mwenyewe au mazingira ya hospitali, na familia haihitaji dawa za kinga. Wodi ikiruhusu watoto, wapeleke. Wanawe mikono kabla na baada, na wasiguse bandeji wala mirija.