Uliza Dada: Geto la Pasua au hosteli ya chuo?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu wanaoingia chuo, na karibu wote wanaulizia vyuo vidogo. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu hayo mambo nimeyapitia mwenyewe hapa Moshi.

*Shikamoo dada. Mi ni kijana wa Nzega, nimemaliza form six na nimechaguliwa chuo kimoja hapo Moshi, ni kidogo sana, nasikia mwaka wa kwanza hatufiki hata mia tatu. Wenzangu wameenda vyuo vikubwa, UDSM ya Dar na UDOM ya Dodoma, kwenye grupu wananiuliza chuo gani hicho, kusema kweli naona aibu. Sasa kaka yangu ana rafiki yake anakaa mtaa wa Pasua hapo Moshi, kasema kuna chumba cha elfu 40 kwa mwezi ila mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Hosteli ya chuo nafasi zipo ila tunalala wanne chumba kimoja na kupika hairuhusiwi. Nichukue ipi? Na maisha ya chuo kidogo yakoje, maktaba na nini? Mdogo wako, Nzega.*

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana.

Hilo la aibu tulimalize kwanza maana naona ndo linalokuuma. Hicho cha Dar wanachojivunia wenzako, UDSM, kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 20, tena wakisomea kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Mlimani wamehamia 1964. Na hapa hapa Moshi, Chuo Kikuu cha Ushirika kilianza 1963 kama chuo cha kufundisha watu wa vyama vya ushirika, 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ndo 2014 kikasimama chenyewe. Kwahiyo ukiulizwa chuo gani, taja jina lote bila kumung'unya.

Sasa makazi. Chukua hosteli mdogo wangu, angalau mwaka wa kwanza. Najua wanne chumba kimoja inatisha, lakini wewe umetoka bweni la sekondari, kitanda cha deka na tranka unavijua. Piga hesabu uone. Elfu 40 mara sita ni laki mbili na elfu 40. Bumu, yaani ile hela ya mkopo ya chakula na malazi, kwa sasa ni 10,000 kwa siku, kwahiyo hapo umemkabidhi mwenye nyumba bumu la siku 24 kwa mkupuo mmoja, na bado hujanunua godoro, pazia, jiko wala ndoo. Alafu bumu haliingii siku unayoshuka stendi. Mpaka usajiliwe, chuo kipeleke taarifa zako, usaini, ndo pesa ije, na hizo wiki za mwanzo unakula hela ya nyumbani. Kama umepata mkopo usije na nauli tupu, na kama hujapata ndo kabisa, hiyo ya miezi sita usiiguse.

Mimi mwaka wa kwanza nilipanga. Nyumba ilikuwa na vyumba sita na luku moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla, tunachanga kila mtu elfu tano. Mwenye nyumba alipokea kodi yangu yote ya miezi sita siku ya kwanza, akaniambia maji yapo muda wote, na kweli bomba lilikuwepo pale uani ila maji yalikuwa yanatoka usiku wa manane, unaamka saa nane kukinga. Hayo niliyazoea. Kilichoniumiza ni wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Jirani alikuwa anachemshia maji kwa hita kila jioni, tukamwambia akakataa, akasema na yeye anachanga. Usiku wa kuamkia mtihani wa takwimu umeme ukaisha saa tatu, mangi wa dukani kashafunga, simu yangu ina chaji kidogo, nikasoma kwa tochi ya simu mpaka ikazima. Nikakaa gizani na karatasi zimelala mapajani. Lile somo nilipata sapu, mtihani wa marudio, ikabidi nirudi likizo kulirudia wakati wenzangu wako kwao. Mpaka leo nikipita mtaa ule moyo unanidunda.

Hosteli ina shida zake sikufichi. Maji nayo hukatika, kwahiyo njoo na ndoo yenye mfuniko. Soketi utakuta mbili kwa watu wanne, beba ekstensheni na andika jina lako juu yake kwa maka peni. Neti lazima. Na kuna watu watakuja kukuomba uwabebe, yaani mlale wawili kitanda kimoja kwa sababu wao hawakupata nafasi. Ni jambo gumu maana ni wenzako na wanateseka kweli, lakini vyumba vikikaguliwa na wewe unapoteza nafasi, bora umsaidie akaandike barua kwa mshauri wa wanafunzi, huyo ndo mwenye kujua nani karudisha funguo na kitanda gani kiko wazi. Chuo kidogo huyo mtu unamkuta ofisini, unamsalimia, anakusikiliza. Hilo chuo cha maelfu hulipati kirahisi.

Na hapo ndo nataka unielewe vizuri. Chuo kidogo vitu ni vichache, ila vingi vimefungiwa mahali na kuna mtu mmoja ana funguo, ukimfahamu huyo mtu umepata chuo kizima. Chukua maktaba. Kwetu ilikuwa chumba cha chini chenye meza kama kumi, imejaa saa zote, watu wanagombea viti, nikawa nimeshakata tamaa. Siku moja nimekaa nje kwenye kimbweta, zile meza za kusomea, mvua ya masika ikaanza, nikakimbilia ndani na daftari limelowa, mama wa maktaba akanionea huruma akanimiminia chai ya thermosi yake, kisha akaniuliza kwa nini sisomei juu. Juu wapi? Akatoa ufunguo mtandioni. Kulikuwa na chumba cha majarida ya zamani, meza nne, dirisha linaangalia mlima, hamna mtu. Alikuwa hakifungui kwa sababu hakuna aliyewahi kumuomba. Nilisomea pale mwaka wa pili na wa tatu, na ile saa kumi na mbili jioni mawingu yakijitenga Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inatokea nyeupe kabisa, unaweka kalamu chini kidogo, unaendelea.

Huyo huyo mama ndo alinipa neno la siri la kuingia kwenye majarida ya mtandaoni. Vyuo vyetu vingi vinaingia bure au kwa bei ndogo sana kwenye mipango kama Research4Life, ambayo imewekwa kwa ajili ya taasisi za nchi za kipato cha chini, lakini unakuta mwanafunzi anamaliza miaka mitatu anadesa tu noti za waliotangulia hajui kama hiyo kitu ipo. Uliza wiki ya kwanza. Usione haya, ndo kazi yao na wanafurahi kuulizwa.

Chakula usiogope, karibu na kila chuo hapa kuna mama ntilie, wali maharage upo, ndizi zipo, na asubuhi ukipata mtori wa moto mwezi wa saba utanikumbuka. Sweta beba, wewe wa Nzega hii baridi ya Juni na Julai huijui. Bima ya afya ya mwanafunzi ya NHIF ni 50,400 kwa mwaka, ilipe na uifuatilie mpaka uhakikishe inafanya kazi.

Mwaka wa pili ukitaka geto, sawa, ila kalione saa mbili usiku, sio mchana. Angalia taa za njiani, uliza luku ni ya wangapi, fungua bomba mwenyewe. Na usitoe ya miezi sita, omba mitatu, wapo wanaokubali.

*Shikamoo mwandishi. Mimi ni mama wa Ngaramtoni, Arusha. Kijana wangu yuko form six EGM (uchumi, jiografia na hesabu), ameanza kuniambia habari za vyuo vya liberal arts huko nje, ati ni vidogo na unasoma kila kitu. Nikasikia arts nikadhani anataka kwenda kuchora. Baba yake hataki kabisa. Naomba unieleweshe ni chuo cha namna gani na mtoto anaishije huko.*

Shikamoo mama, mimi ndo wa kukuamkia. Sio kuchora. Hilo jina limetoka kwenye Kilatini, zamani za Ulaya yalikuwa masomo saba, sarufi, mantiki, ufasaha wa kusema, hesabu, jiometria, muziki na elimu ya nyota. Siku hizi maana yake ni kwamba mtoto haingii moja kwa moja kwenye fani kama hapa kwetu, ambapo EGM anaomba uchumi na siku ya kwanza yuko darasa la uchumi mpaka mwisho. Kule anachanganya, anasoma hesabu na historia na uandishi, na fani anaitangaza kwa kawaida mwisho wa mwaka wa pili. Marekani wanavyo vingi, Amherst cha Massachusetts kipo tangu 1821, Swarthmore cha Pennsylvania tangu 1864, na hivyo viwili kila kimoja wanafunzi wake ni kama elfu mbili au pungufu, karibu wote wanalala chuoni, wanakula bwalo moja, mwalimu anajua mtoto wa nani hajaja leo.

Hata Afrika kipo mama. Patrick Awuah, Mghana aliyesoma Swarthmore, alirudi kwao akafungua Ashesi mwaka 2002 kwenye nyumba ya kupanga jijini Accra, na 2011 wakahamia kwenye eneo lao wenyewe huko Berekuso. Kompyuta, uhandisi na biashara vinafundishwa pale, pamoja na hayo masomo ya kufikiri na kuandika. Na wanafunzi wenyewe walipiga kura kuweka kiapo cha uaminifu, wanafanya mtihani bila msimamizi. Mwonyeshe baba yake hilo.

Mimi nakipenda hicho kitu, siwezi kujifanya sina upande. Lakini kabla hamjasema ndiyo, kijana akuletee majibu ya mambo matatu, na yatoke chuoni kwenyewe kwa maandishi. Ufadhili unagusa ada tu au na chakula, kitanda, bima na tiketi? Likizo ndefu mabweni yakifungwa analala wapi? Maana kule kuna vyuo vinafunga mabweni na mtoto wa Ngaramtoni hana shangazi wa kumkimbilia. La tatu, ukaguzi wa vyeti vya nje hapa nyumbani unafanywa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, awaulize mapema hicho chuo wanakitambua au la, asisubiri mpaka amerudi na cheti mkononi anatafuta kazi.

*Dada mambo? Niko mwaka wa pili chuo kidogo hapa Arusha. Hatuna uwanja, hatuna klabu, tuna TV moja kantini na wavulana wanaangalia mpira. Wikiendi nalala tu chumbani hadi naogopa. Nifanyeje?*

Poa mdogo wangu. Hilo neno "naogopa" nimelisoma mara mbili. Kama kulala kwenyewe kumekuwa ni kila siku, huli vizuri, vipindi unaviacha, basi Jumatatu nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo ukawaambie hivyo hivyo ulivyoniandikia, usisubiri likizo.

Na klabu ianzishe wewe. Chuo chenu ni kidogo, haihitaji mambo mengi, majina kama 15 kwenye karatasi, ukurasa mmoja wa katiba, mwalimu mmoja akubali kuwa mlezi, unapeleka barua. Kama mnataka netiboli, shule za msingi zina viwanja na Jumamosi mchana viko tupu, nendeni wawili watatu kwa mwalimu mkuu mkamwombe kwa heshima, mwambieni mtafyeka nyasi. Kama ni vitabu, maktaba ya mkoa ipo mjini, mnaenda kwa kundi, mkitoka mnakaa mahali mnakunywa chai mnabishana kuhusu mlichosoma. Anza na yule unayekaa naye chumba kimoja, muulize leo jioni.