Mwanangu, masta haitoki nyumbani

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Moshi hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma, kisha nikamwomba binamu yako anisomee tena, maana kuna neno umelipitisha mbio. Umeniuliza kama studio yako ya kurekodi uihamishie ile fremu ya Njiro, huko Arusha, au ubaki na chumba chako cha Sakina. Katikati umeandika kwamba kodi ya mwaka itatoka kwa ile kampuni ya filamu za utalii, na kwamba wao wanataka sauti zilizokamilika pamoja na ghafi zote, yaani rekodi ulizonasa kabla ya kuzihariri, ziwe mali yao kabisa. Halafu ukaendelea na habari za vigae na kiyoyozi.

Ya fremu niyamalize kwanza, hayana mengi. Kagonge kuta. Zikiwa za tofali zito na dari ya zege, utahangaika na mlango na madirisha tu. Zikiwa za jipsamu chini ya bati, masika yote utarekodi mvua. Trei za mayai achana nazo. Baba yako alikuwa akisema zinapunguza mwangwi kidogo mle ndani, lakini lori la barabarani linapita palepale. Kelele ya nje inazuiwa na uzito wa ukuta na kuziba kila mwanya. Uende usiku, uende na Jumamosi mchana, ujue jirani anafanya kazi gani. Akiwa anachomelea mageti, rudi Sakina.

Sasa hizo ghafi.

Msimamo wangu umeusikia tangu unatambaa: masta, ile rekodi ya asili yenyewe, haitoki nyumbani. Nakala itoke, kaseti itoke, siku hizi faili litoke, lakini masta haitoki. Msimamo huo baba yako aliutoa Sauti ya Injili, studio ya redio ya Kikristo, alipokuwa kijana wa kufunga mikanda. Vipindi vilirekodiwa hapa Moshi, mikanda ikapelekwa Addis Ababa, na huko ndiko vilikorushwa hewani. Mwaka 1977 serikali ya Ethiopia ikakitwaa kituo. Tulikuwa wachumba. Aliniambia, siku nikiwa na chumba changu, sitatoa mkanda bila kubaki na wake. Chumba akakipata, kile kile ulichokuwa unazuiwa kuingia na viatu.

Wewe ulikuwa mgongoni kwangu ile kwaya ya akina mama wa mlimani ilipokuja. Walishuka na pikapu jioni, baada ya mauzo ya kahawa, maana kabla ya hapo hawakuwa na hela. Wakala, wakajilaza sebuleni, wakasubiri mashine ya kusaga ya jirani ifungwe. Tukaanza usiku. Baba yako alikuwa na maikrofoni mbili tu. Aliwapanga akawapangua: sauti ya kwanza akairudisha hadi ukutani kwenye mablanketi, sauti ya tatu, wale akina mama wenye koo nzito, akawasogeza mbele. Kiongozi wao alikuwa na sauti kali mno, akamsimamisha kwenye korido, mlango wazi.

Mkanda wa inchi 7, ukizunguka inchi 7 na nusu kwa sekunde, ulikupa kama nusu saa, ndio upande mmoja wa kaseti ya dakika 60. Nyimbo alizipigia hesabu zitoshe. Wimbo wa mwisho yule kiongozi akapandwa na hisia, akaongeza ubeti ambao wenzake hawakuutegemea, nao wakamfuata. Namwona baba yako hadi leo, jicho kwenye mkanda unaokwisha, mkono juu ya kitufe, asimkatize. Mama yule akashusha pumzi, mkanda ukachomoka, ukaanza kupigapiga. Tulicheka mpaka ukaamka. Katika miaka yote ya kile chumba, sijui usiku uliompa baba yako raha kuliko ule.

Ndipo akaja msambazaji kutoka Dar es Salaam. Jina lake silitaji. Alitaka masta. Baba yako akamwambia nitakutolea nakala safi ya kuzalishia, tuandikiane kila kaseti wale akina mama wanapata ngapi. Hakutaka. Jumapili akapanda mlimani, akawaambia fundi wenu anawazibia riziki. Wakashuka wamenuna. Baba yako akawapa kaseti waliyokuwa wakiidai, na mkanda akaubakiza. Yule bwana akaizalisha kutoka kaseti ile ile, nakala ya nakala. Siku moja nikaisikia stendi, ikiuzwa: ile sauti iliyotakiwa kusimama kwenye korido ilikuwa kama mtu anayeitika ndani ya gunia. Kwenye jalada picha ya maua, jina la kiongozi halipo. Kwaya haikuona hata senti. Sheria ya hakimiliki ya 1999, iliyoleta COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki nchini, ilikuwa haijatungwa. Na waliolaumiwa ni sisi. Kanisani nilisalimiwa kwa nusu mdomo na watu niliowapikia. Hilo bado linaniuma, sitakuficha.

Shangazi yako anasema mpaka leo kwamba kaka yake angetoa tu. Nami usiku mwingine namkubalia. Angetoa, angalau zile nyimbo zingesikika zilivyoimbwa, na wale akina mama wangetembea vifua mbele. Masta ilitufaa nini ndani ya kabati? Ilikula vumbi hadi Krismasi ile ulipoikausha kwa joto dogo saa nyingi, ukaihamishia kwenye kompyuta. Lakini si ilitoka nzima? Na ule ubeti ulikuwamo. Wajukuu wa yule mama walikuja na flashi zao, wakaondoka nao. Kutoka kwa yule msambazaji wangeupata wapi?

Kwa hiyo nakuuliza na wewe: mle ndani ya ghafi mna nini? Mna soko la Kilombero alfajiri, mna mvua kwenye migomba, najua uliilalia nje. Hizo utazirekodi tena. Mna pia bibi yako wa Marangu akipepeta mahindi na kuimba peke yake, asijue kinasa kinazunguka. Ukishaziuza kabisa, kesho sauti ya bibi yako inaweza kuwekwa kwenye tangazo la bia, na huna mlango wa kugonga.

Kuna njia ya katikati. Wauzie matumizi: filamu hii, kwa miaka hii, bei hii. Wape mchanganyiko uliokamilika, hata mafungu yake, mazungumzo peke yake, muziki peke yake, mazingira peke yake, wakatafsirie lugha wanazotaka. Ghafi zibaki kwako. Wakizitaka lazima, ziwe zile ulizorekodi kwa ajili yao tu, na bei ipande. Sheria yenyewe inamtambua aliyeimba na inamtambua aliyerekodi. Usizitie saini haki zote mbili kwa mstari mmoja.

Lakini najua Sakina maji yanakatika, na mkeo amechoka kunyamazisha mtoto kila taa yako nyekundu ikiwaka. Najua mteja wa namna hiyo haji kila mwezi, na kodi silipi mimi. Baba yako alishika msimamo, tukala ugali na mchicha kwa muda mrefu. Siwezi kukutaka ufanye hivyohivyo na mjukuu wangu yupo hapo. Basi sikwambii ukatae. Ningependa kukwambia, lakini sikwambii.

Baba yako mdogo anakuja Arusha Alhamisi. Nimempa ndizi, na ile spuli tupu ya mkanda uliyoiomba. Huo mkataba mpe auone, ameshasoma mingi ya ushirika wa kahawa. Usiutie saini kabla hajafika.

Mama yako