Albamu ya mtandaoni darasani: kwa mwalimu anayeanza kufundisha upigaji picha

Mwalimu mwenzetu, albamu ya mtandaoni isigeuzwe stoo. Kumbukumbu za darasa zikae kwenye diski mbili tofauti. Albamu ni mahali pa kuzisoma picha kwa pamoja, kwa hiyo kila mwanafunzi alete picha tatu tu kwa kila zoezi. Anayeruhusiwa kupakia arobaini hachagui, na kuchagua ni nusu ya kazi ya mpigapicha.

Kazi zisikusanywe kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Hubanwa, na taarifa za kamera zilizomo ndani ya faili hufutika. Ikibidi, zitumwe kama dokumenti. Taarifa hizo, yaani kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera hukaa wazi), tundu la lenzi (upana wa njia ya mwanga), ISO (wepesi wa kamera kuupokea mwanga) na saa, ndizo zinazoifanya albamu iwe darasa. Kati ya huduma za kuweka albamu, Flickr huzionyesha kwenye ukurasa wa picha, Google Photos ukifungua maelezo yake. Akaunti ya bure ya Flickr inaishia picha 1,000. Ya Google ina GB 15 zinazogawanwa na barua pepe.

Kamera ya megapikseli 24 hutoa JPEG ya takriban MB 10. Wanafunzi 30 wakileta tatu tatu ni MB 900, na wengi wanatumia bando lao wenyewe. Punguzeni upande mrefu uwe pikseli 2048, ubora 80, rangi sRGB, mfumo wa rangi unaosomwa na simu nyingi. Faili nyingi zitashuka chini ya MB 1. Picha iliyoachwa kwenye mfumo mwingine, Adobe RGB, huweza kuonekana imepauka kwenye simu, na mwanafunzi akadhani kakosea mwanga. Angalia pia sehemu ya kuhifadhi nakala kwenye programu ya kuhariri: programu kadhaa hufuta taarifa zote za faili usipochagua zibaki. Baki na za kamera, ondoa za mahali.

Sasa kusoma. Chukua picha ya bodaboda Kariakoo iliyotoka na ukungu. Kabla hujasema neno, darasa litazame namba. Ikiwa shata ni 1/30 ya sekunde, waulize: kimefifia kitu gani? Kama pikipiki tu ndiyo imefifia na maduka nyuma yametulia, shata ilikuwa ya polepole, wajaribu 1/500. Kama kila kitu kimefifia kuelekea upande mmoja, mkono ulitikisika. Kama pikipiki haina ukali lakini kibao cha duka nyuma yake kinasomeka vizuri, na shata ilikuwa ya kasi, fokasi ndiyo iliyokwenda kusikotakiwa. Makosa matatu yanayofanana kwa mbali, dawa zake tofauti. ISO 6400 saa saba mchana nayo ni dalili: mpangilio wa jana usiku haukurudishwa.

Zoezi lisilopaswa kukosekana Dar ni la kupiga picha ya uso wa mtu. Mtu amesimama Coco Beach, nyuma yake bahari na anga linalong'aa. Kamera hupima mng'ao ule na kuufanya uso uwe giza. Kila mmoja apige mara mbili, fidia ya mwanga (mpangilio wa kuongeza au kupunguza mwanga uliopimwa na kamera) ikiwa 0 kisha +1, na picha hizo ziwekwe kwenye albamu zikiwa jozi. Hapo ndipo mwanafunzi anaelewa kuwa ngozi nyeusi haina tatizo lolote, kipimo ndicho kilichodanganywa. Jozi hizi zitazamwe kwenye simu pia, maana projekta katika chumba chenye madirisha wazi humeza vivuli vyote.

Saa za kamera zisawazishwe siku ya kwanza. Wapo wanaoandika 12:30 wakimaanisha saa kumi na mbili na nusu jioni, wakati kamera inataka 18:30. Mkilinganisha mwanga wa magharibi, taarifa zao zitaleta utata.

Kwenye maoni, “picha kali sana” isipokelewe peke yake. Anayetoa maoni aseme jicho lake lilitua wapi kwanza, ataje namba moja iliyochangia, kisha apendekeze kitendo: sogea kushoto, piga magoti, subiri mpita njia aondoke.

Ruhusa ina uzito wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na heshima ilikuwepo kabla yake. Wachuuzi wa soko la samaki Feri waulizwe kwanza, na waambiwe wazi kuwa picha inakwenda mtandaoni. Kwa mtoto, mzazi ndiye wa kuulizwa. Pale Feri wanafunzi wajue pia kuwa Ikulu na bandari ziko jirani. Lenzi isielekezwe huko. Na albamu inayofunguka kwa kiungo haijafungwa: yeyote atakayetumiwa kiungo hicho ataiona na anaweza kukisambaza. Aliyepigwa akibadili mawazo, picha yake itolewe siku hiyohiyo, pamoja na nakala zilizopakuliwa kwenye simu za darasa.