Uzito wa maji ndani ya ndoo: majibu kwa wasomaji kuhusu uhuishaji

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifundisha vijana kuchora picha zinazotembea, na maswali ya wasomaji yamekuwa yakinifikia moja moja. Nimechagua saba. Majibu hayatalingana kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa kina.

Mwanangu anasema katuni, gazeti linaandika vibonzo, na kitabu kinasema uhuishaji. Neno sahihi ni lipi? (Msomaji, Tanga)

Yote matatu ni sahihi, ila kila moja lina mahali pake. Katuni ni neno la watu wote, linalobeba mchoro wa gazetini pamoja na filamu ya watoto. Kibonzo kwa kawaida ni mchoro uliotulia kwenye karatasi. Uhuishaji unatokana na kitenzi huisha, yaani kutia uhai, nao hutaja kazi yenyewe ya kukifanya kitu kisichojongea kionekane kinajongea. Udongo wa mfinyanzi, vikaragosi, karatasi zilizokatwa, hata mchanga uliomwagwa juu ya kioo, vyote vinaweza kuhuishwa bila mtu kuchora mstari hata mmoja, na ndiyo maana mimi hupendelea neno hilo.

Je, ni kweli kwamba Walt Disney ndiye aliyeanzisha sanaa hii? (Mwanafunzi wa sekondari, Unguja)

Si kweli, ingawa mchango wake ni mkubwa. Mfaransa Émile Cohl alitoa filamu fupi ya michoro mwaka 1908, na huko Argentina Quirino Cristiani alitengeneza filamu ndefu mwaka 1917, ambayo kwa bahati mbaya imepotea. Filamu ndefu kongwe kuliko zote zilizobaki hadi leo ni ya mwanamke wa Kijerumani, Lotte Reiniger, iliyoonyeshwa mwaka 1926, miaka 11 kabla ya filamu ndefu ya kwanza ya Disney. Reiniger alikata watu na farasi kwa mkasi katika karatasi nyeusi, akaunganisha viungo vyao kwa waya, akavilaza juu ya kioo chenye mwanga chini yake, kisha akavisogeza kidogo kidogo na kupiga picha moja baada ya nyingine kwa muda wa miaka 3. Kisa chake alikichota katika Alfu Lela u Lela, hadithi ambazo wasomaji wa Unguja hawahitaji kuelezwa.

Afrika nayo haikuchelewa kama inavyodhaniwa. Ndugu wa ukoo wa Frenkel walikuwa wakitoa filamu za michoro mjini Cairo katika miaka ya 1930, na Moustapha Alassane wa Niger alikuwa akihuisha vyura na wafalme katika miaka ya 1960.

Nimetengeneza filamu ya dakika moja na kuhesabu picha zote kama inavyotakiwa, lakini watu wangu wanatembea kama mashine. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa sanaa, Mombasa)

Kwanza tuiweke hesabu mezani. Filamu hupita kwa fremu 24, yaani nafasi 24 za picha, kila sekunde. Unaweza kuchora picha mpya kwa kila fremu, au ukaishikilia kila picha kwa fremu 2, ndipo sekunde moja ikahitaji michoro 12 na dakika nzima ikahitaji 720. Nadhani idadi unayo. Tatizo liko katika mgawanyo, kwa maana mkono ukiupeleka kutoka hapa hadi pale kwa hatua zilizolingana, umechora mtambo. Kiungo cha kiumbe huanza polepole, hushika kasi, kisha hupunguza mwendo kabla ya kutua.

Nenda bombani asubuhi ukamtazame mama anayejitwika ndoo ya maji. Huviringisha kipande cha kanga kuwa kata na kuiweka kichwani. Huchuchumaa, huinua ndoo hadi gotini, na hapo hutua kitambo kidogo, tena wengi hawajui kwamba wanatua. Halafu huvuta pumzi, na ndoo hupanda hadi kichwani kwa mkupuo mmoja, lakini shingo huwa imeshakaza kabla uzito haujaifikia. Maji hucheza, tone moja au mawili humwangukia begani, ndipo anaponyooka. Mimi pale gotini ningempa fremu 10, na ule mkupuo fremu 6 tu. Ukivipa vituo vyote fremu sawa, ndoo itaonekana tupu, hata kama umeyachora maji hadi ukingoni.

Hapa ndipo ninapoona utamaduni unapoingia katika sanaa hii, na ningependa ulifikirie jambo hili kuliko idadi ya fremu. Wengi hudhani filamu huwa ya kwetu kwa kuchorwa mbuyu, twiga na rangi kali. Lakini programu nyingi za kompyuta huja na mienendo iliyorekodiwa tayari kutoka miili ya watu wa kwingine, na ukimvisha mwanamke kanga kisha ukampa hatua za mtu aliyevaa suruali, kanga ile imebaki kuwa rangi. Kanga iliyofungwa kiunoni huufupisha mwendo, na kila baada ya hatua kadhaa mkono hushuka kuikaza. Mtoto anayemwamkia mzee huinamisha kichwa kabla ya kutamka shikamoo, wala hakiinui mpaka marahaba imeitikiwa. Fremu hizo chache za kusubiri hazipatikani katika programu yoyote niliyowahi kuifungua. Lazima zitazamwe kwa macho na kuchorwa kwa mkono.

Binti yangu anajivunia majina ya Kiswahili katika filamu The Lion King. Tujivunie, au tulalamike kwamba maneno yetu yameuzwa? (Mzazi, London)

Muache ajivunie. Filamu ile ya mwaka 1994 iliwafikisha Simba, Rafiki, Pumbaa na Sarabi, ambaye jina lake lina maana ya mazigazi, masikioni mwa watoto ambao wasingelikutana na Kiswahili popote pengine. Mfafanulie tu kwamba shenzi, jina alilopewa fisi mmoja wa filamu hiyo, si jina la mzaha, kwa kuwa ni neno ambalo watu wa pwani walilitumia kuwadharau wenzao wa bara, na uchungu wake haujaisha.

Kuhusu kuuzwa, kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994 kusajili maneno hakuna matata kama alama ya biashara ya mavazi nchini Marekani, na usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 mwanaharakati wa Zimbabwe aliyapinga hayo, na watu zaidi ya 100,000 wakaweka saini zao. Usajili wa namna hiyo haumzuii mtu kuyatamka maneno hayo, lakini naelewa kwa nini umewaudhi watu, kwa sababu bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ilikuwa imeshayaimba mwaka 1982, na wenye lugha walikuwa wakiyasema kabla ya bendi hiyo. Langu mimi ni jingine. Majina tuliyatoa sisi, lakini mazungumzo karibu yote yakabaki kwa Kiingereza, na simba akishaitwa Simba bado hajazungumza Kiswahili.

Kwa nini filamu za kigeni zikiingizwa sauti za Kiswahili midomo hailingani na maneno? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa sababu midomo ile ilichorwa kwa lugha nyingine. Karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu au ni m au n inayojitegemea, hivyo mdomo wetu hufunguka na kufumba kwa mpigo ulio karibu sawa, na sentensi yetu mara nyingi huwa na silabi nyingi kuliko ya Kiingereza yenye maana ileile. Mtafsiri hulazimika kulifupisha neno au msomaji wa sauti kulikimbiza.

Chukua sentensi hii: Mama, mpe mbuzi maji. Mdomo hufumba mara 5. Katika mpe, ile m ni silabi kamili, kwa hiyo mdomo lazima ukae umefumbwa kitambo, labda fremu 4. Katika mbuzi, m imeungana na b, na fremu 2 zinatosha. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukueleza tofauti hiyo, lakini ikikosewa huacha kuuamini mdomo anaoutazama. Dawa yake ni kurekodi sauti kwanza kwa Kiswahili na kuchora baadaye. Ndiyo sababu nawaheshimu watu wa Ubongo, taasisi ya Dar es Salaam ambayo kipindi chake cha Ubongo Kids kilianza mwaka 2014 kwa Kiswahili na kuingia katika lugha nyingine baadaye. Njia ya kawaida ni kinyume cha hiyo.

Akili mnemba inaweza kunitolea picha za mtindo wa Tingatinga kwa dakika moja. Kuna ubaya gani, ikiwa wachoraji wenyewe wameigana miaka yote? (Mfanyabiashara, Dar es Salaam)

Swali lako ni zito, na sehemu yake ya pili ni kweli tupu. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 pale Oyster Bay, akitumia rangi za kung'aa juu ya mbao laini za kiwandani, na alipofariki mwaka 1972 wanafunzi wake, wengi wao ndugu zake, waliendelea kwa kumwiga yeye na kuigana wao kwa wao. Mwaka 2010 mtindo huo ulihuishwa katika Tinga Tinga Tales, mfululizo wa vipindi 52 uliotengenezwa Nairobi.

Lakini tazama jinsi kuiga kule kulivyokuwa. Mwanafunzi aliketi uani pamoja na mwalimu wake, akachanganya rangi, akajaza madoa ya chui wa mwenzake kabla ya kuruhusiwa kuchora wake, na picha ikiuzwa naye alikula. Aliyeigwa alimjua aliyemwiga. Mashine hujifunza kwa maelfu ya picha ambazo wachoraji wake hawakuulizwa wala hawatapata kitu. Sheria za hakimiliki katika nchi nyingi hulinda kazi mahususi na hazilindi mtindo, kwa hiyo ukiitumia huenda usishtakiwe. Bado nakusihi umtafute mchoraji, kwa maana yupo, na unaweza kumfikia kwa daladala.

Siichukii mashine kwa ujumla, maana kujaza rangi katika michoro 700 ni kazi ya kuchosha mgongo. Wasiwasi wangu uko kwenye picha za katikati, zile zinazounganisha pozi moja na jingine. Kazi hiyo ndiyo waliyopewa wanagenzi, na ndiyo iliyowafundisha ndoo itue wapi na kwa muda gani. Tukiwapokonya, sijui watajifunzia wapi.

Nina simu na kompyuta kuukuu tu. Nianzie wapi? (Kijana, Lubumbashi)

Flow, filamu ya Latvia iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu isiyolipiwa, lakini kwa kompyuta kuukuu itakuwa nzito. Anza kwa njia ya Reiniger. Kata mtu na ndoo yake katika karatasi ngumu, viungo vya mikono na magoti uviunge kwa uzi, mlaze juu ya meza. Ifunge simu kwenye kigoda itazame chini, isisogee kabisa. Tumia taa, usitegemee dirisha, kwa sababu jua huhama kati ya picha na picha. Piga picha 24, nazo kwa fremu 2 kila moja zitakupa sekunde 2. Mtu wako aiinue ndoo ile hadi gotini, atue, kisha aipandishe. Ukimaliza nitumie, nami nitakuambia kama nimeyaona maji.