Treni ikichelewa Ulaya usikae kimya, idai hela yako

Wiki hii binamu yangu anayeishi Bremen kanitumia meseji, "Dada, ile hela yako ya treni imeingia." Nusu ya nauli wamenirudishia, nusu nzima! Nimewaambia nyumba nzima mpaka majirani hapa Chumbageni, na sioni aibu kusema nimefurahi kupita kiasi. Halafu kuna mdogo wangu wa Muheza kaniandikia anakwenda Ujerumani kusomea uuguzi, anauliza eti ni kweli treni za kule zinachelewa, basi nikasema ngoja niandike hapa tusome wote maana najua wengi humu mna safari zenu mnazipanga.

Ndio, zinachelewa sana tu. Sisi watu wa Tanga tumekua tukijua Mjerumani ndiye aliyeanza kujenga reli hapa kwetu mwaka 1893, kwa hiyo unafika kule ukiamini kwa mwenye treni zake hakukosewi dakika. Mwaka 2024 karibu treni 4 kati ya 10 za masafa marefu zilichelewa, na wenyewe mpaka zipite kama dakika 6 ndio wanahesabu imechelewa.

Yangu ilikuwa Köln kwenda Berlin. Ilianza na dakika 15, ikawa 40, mara pletifomu imebadilishwa na tangazo ni la Kijerumani tupu, nikaona watu wanabeba mabegi wanakimbia na mimi nikawafuata. Tulipofika Hannover wakatuteremsha wote, treni inaishia hapo. Usiku, baridi ile ya Desemba inayoingia mpaka kwenye meno. Nikaenda dirishani kuuliza kwa Kiingereza changu ambacho ni kizuri tu, yule kijana akanitazama juu mpaka chini, akaniambia kaangalie kwenye simu. Aliyekuwa nyuma yangu ni mwenzao, akaelezwa taratibu na karatasi ya kuthibitisha treni imechelewa akachapiwa. Mpaka leo nikikumbuka moyo unawaka. Sikuondoka pale, nilisimama pembeni mpaka mama mmoja wa Kituruki akanishika mkono akanionyesha ile karatasi yake, akaniambia na wewe ni haki yako hii, omba. Nikarudi nikaomba nikapewa.

Sasa nisikilizeni. Basi la Dar likiharibika Segera unashuka unanunua mahindi, konda anasema dakika kumi unakaa masaa, na hakuna anayemuuliza kitu, ndivyo tulivyozoea. Kule usiende na mazoea hayo kwa sababu sheria ipo, nchi zote za Umoja wa Ulaya, mpya yake imeanza kutumika Juni 2023. Ukifika umechelewa kuanzia dakika 60 unadai robo ya nauli, kuanzia dakika 120 unadai nusu. Kuna sababu ambazo kampuni hailipi fidia, kama hali ya hewa mbaya kupita kiasi, lakini hata hapo ikionekana utachelewa saa nzima au zaidi unachagua mwenyewe, urudishiwe nauli au upelekwe kwa njia nyingine, na chakula na kinywaji unaomba. Ikibidi kulala, hoteli ni juu yao pale inapowezekana. Zikipita dakika 100 tangu muda wa kuondoka na hawajakwambia utafikaje, unaruhusiwa kutafuta treni au basi lingine mwenyewe halafu unawadai, risiti usitupe. Na Ujerumani ikishaonekana utafika umechelewa dakika 20 na zaidi, ile tiketi ya bei rahisi iliyokufunga kwenye treni moja inafunguka, panda nyingine. Mimi ndivyo nilivyofika Berlin, nimesimama njia nzima lakini nimefika.

Uingereza wana utaratibu wao, kampuni nyingi zinalipa kuanzia dakika 15 ila dai ndani ya siku 28. Huku kwingine ni miezi 3.

Piga picha ubao unaoonyesha imechelewa, piga picha tiketi, powabanki iwe imejaa. Nunua safari nzima kwa tiketi moja jamani, ukinunua vipande vipande ukakosa ya pili watakwambia ile ni safari nyingine. Na uliza, uliza tena. Mtu wetu anaona haya, anaona labda mgeni hana haki, unayo! Umelipa nauli kama wao, tena wewe visa umeihangaikia miezi. Kuna ndugu aliniambia achana nazo vihela hivyo, nikamwambia si hela tu, nataka jina langu liandikwe kwamba nilichelewa na mimi ni abiria.

Mdogo wangu wa Muheza, wewe mawili zaidi. Siku ya kurudi kama ndege yako ni ya asubuhi lala mji huo huo wenye uwanja, kwa sababu fidia ya treni ni ya nauli ya treni, ndege ukiikosa kwa tiketi uliyoinunua mbali ni juu yako. Lingine, fomu ya madai mara nyingi inataka namba ya akaunti ya kizungu, IBAN, na benki zetu Tanzania hazina hiyo, ndio maana ya kwangu ikapitia kwa binamu. Wewe utafungua akaunti yako kule ukianza masomo, ifungue mapema, na ukikwama kwenye fomu niandikie nikuelekeze.